Ahadi ya Soko, Deni la Muuzaji

Kaulimbiu ya soko la mtandaoni ni ahadi ya aina yake, kwa kuwa anayeitoa siye anayeitimiza. Kiwanda cha sabuni kikitangaza kwamba sabuni yake inang'arisha, sifa ni zake na lawama ni zake. Soko la mtandaoni halina kiwanda. Kampuni kama eBay na Etsy hazishoni nguo, hazifinyangi vyungu, hazifungi vifurushi wala hazipangi foleni posta. Kazi yao ni kutoa uwanja, mtambo wa kutafutia bidhaa, njia ya malipo na kanuni za biashara, kisha hutoza ada. Kinachoonekana dirishani ni mali ya watu wengine, na mkono unaomfikia mnunuzi ni wa muuzaji. Kwa hiyo kaulimbiu mpya inapotolewa, mnunuzi husikia mwaliko, lakini muuzaji husikia ahadi iliyowekwa kwa jina lake bila yeye kuulizwa.

Hapo ndipo kilipo chanzo cha hisia kali ambazo wauzaji huzionyesha kila mara soko lao linapobadilisha maneno yake ya matangazo. Mtu wa nje huona ajabu maelfu ya watu kukasirikia maneno matatu au manne. Ajabu hiyo huisha akikumbuka kwamba kwa wauzaji wengi maneno hayo yanagusa kodi ya nyumba na karo ya watoto, na kwamba wao ndio watakaoulizwa na mnunuzi iwapo hayatatimia.

Historia ya eBay inaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi kuliko ya soko lingine lolote. Septemba 1995 Pierre Omidyar, mtayarishaji wa programu aliyekuwa akiishi San Jose, California, alifungua tovuti ya minada aliyoiita AuctionWeb. Miongoni mwa vitu vya mwanzo kuuzwa hapo ni kalamu ya leza iliyoharibika, ambayo ilipata mnunuzi kwa dola 14.83. Februari 1996 Omidyar aliongeza mahali pa wanunuzi na wauzaji kuandikiana maoni, akawaeleza watumiaji kwamba yeye anaamini watu wengi ni waaminifu. Hilo halikuwa tangazo. Lilikuwa agizo la namna ya kuishi sokoni: aliyetendewa mema aseme, aliyedhulumiwa aseme, na kila mmoja ajenge jina lake mbele ya wote. Mtu asiyejulikana aliweza kutumiwa fedha na mtu wa mbali asiyewahi kumwona, kwa sababu tu rekodi yake ilikuwa wazi.

Katika miaka hiyo ya mwanzo soko lilikua kwa masimulizi ya watu, kama Waswahili wasemavyo kwamba chema chajiuza. Kampuni iliingia soko la hisa Septemba 1998 chini ya Meg Whitman, na mwaka 2002 iliwakusanya wauzaji wake katika mkutano mkubwa mjini Anaheim. Wauzaji wengi walikuwa wameacha ajira ili kuishi kwa minada. Walijiona wenyeji wa mahali hapo, na kampuni ikawazoesha kujiona hivyo, kwa kuwa neno lililopendwa sana katika barua na hotuba zake lilikuwa jumuiya.

Mwaka 2004 imani hiyo ikageuzwa kuwa kaulimbiu. Tangazo lililosifiwa kuliko yote la kampeni hiyo lilimwonyesha mvulana akicheza ufukweni na mashua ya kuchezea, mawimbi yakamnyang'anya. Mashua ikazama, miaka ikapita, nyavu za wavuvi zikaiopoa kutoka baharini, na mvulana yule, sasa mtu mzima, akaikuta kwenye kioo cha kompyuta ikiwa inauzwa. Maneno ya kampeni yalikuwa Nguvu ya Sisi Sote. Ni vigumu kufikiria tangazo linalowaheshimu wauzaji zaidi ya hilo. Lilisema kwamba thamani ya soko ni watu wake: yule aliyeiokota mashua na kuipiga picha ni mhusika wa hadithi sawa na yule aliyeinunua.

Miezi michache baadaye, Januari 2005, kampuni ilitangaza kupandisha ada. Duka la kawaida ndani ya eBay lililokuwa likilipiwa dola 9.95 kwa mwezi lilipangiwa dola 15.95, na asilimia inayokatwa kwenye mauzo ya maduka ikaongezwa. Kilichofuata ni uasi wa kweli. Baadhi ya wauzaji walifunga maduka, wengine wakatishia kuhama, na kila mmoja alikuwa na hoja aliyopewa bure na idara ya matangazo. Kama nguvu ni ya sisi sote, mbona uamuzi ni wa mmoja? Mapema Februari Bill Cobb, mkuu wa eBay Amerika ya Kaskazini, aliwaandikia wauzaji barua ya kuwatuliza, akapunguza ada ya chini kabisa ya kuweka bidhaa mnadani kutoka senti 30 hadi senti 25. Ada ya duka ilibaki ileile mpya.

Funzo la mwaka ule halikuwa kwamba kaulimbiu ilikuwa ya uongo. Watu waliokasirika zaidi ndio walioiamini zaidi. Mtu asiyejiona sehemu ya kitu hulipa ada iliyopanda au huondoka kimya kimya. Anayepiga kelele ni yule aliyeambiwa kwamba pale ni kwake. Kaulimbiu inayowaita wauzaji washirika huwafundisha pia namna ya kudai haki za washirika, na kampuni haiwezi kuchagua nusu moja ya somo hilo ikaacha nyingine.

Mwaka 2007 eBay ilibadilisha mwelekeo. Kampeni ya mwaka huo iliwahimiza watu wanunue kwa ushindi, ikisifu msisimko wa dakika za mwisho za mnada, pale anayeshika dau la juu anapotangazwa mshindi. Kwa mnunuzi lilikuwa wazo zuri, kwa kuwa katika duka la kawaida hakuna anayeshangiliwa kwa kulipia soksi. Kwa muuzaji suala lilikuwa gumu zaidi. Katika mnada wenye wanunuzi wengi, ushindi wa mmoja ni bei nzuri kwa mwenye mali. Katika mnada wenye mnunuzi mmoja, ushindi wa mnunuzi ni hasara ya muuzaji, kwa sababu kitu kilichoanza kwa senti 99 kinaweza kuishia hapohapo. Katika tangazo lote mshindi alikuwa mtu mmoja, naye si aliyefunga kifurushi. Kutoka sisi sote ya 2004 hadi mshindi wa 2007, muuzaji alikuwa ametolewa jukwaani.

Mabadiliko ya kanuni yalithibitisha kile ambacho kaulimbiu ilikuwa imedokeza. Mwishoni mwa Januari 2008, John Donahoe akiwa anajiandaa kupokea uongozi kutoka kwa Whitman, kampuni ilitangaza kwamba ada ya kuweka bidhaa itapungua lakini kamisheni itapanda: kwenye dola 25 za mwanzo za mauzo ya mnada, makato yangetoka asilimia 5.25 hadi asilimia 8.75. Zaidi ya hayo, kuanzia Mei muuzaji asingeruhusiwa tena kumwandikia mnunuzi maoni mabaya. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kubuni. Wauzaji wengine walikuwa wakilipiza kisasi kwa kila mnunuzi aliyelalamika, na wanunuzi wakawa wanaogopa kusema kweli. Hata hivyo, kwa muuzaji mdogo hatua hiyo ilikata mzizi wa mambo yote. Mnunuzi asiyelipa, au anayedai kurudishiwa fedha huku ameshika mali, sasa asingeachiwa alama yoyote mbaya. Mizani iliyowekwa mwaka 1996 ilikuwa imeondolewa sahani moja.

Kuanzia tarehe 18 Februari 2008 wauzaji walifanya mgomo wa wiki moja bila kuweka bidhaa. Jina la utani walilolibandikia soko lao miaka hiyo, FeeBay, kwa maana ya soko la ada, lilienea kuliko kaulimbiu yoyote iliyolipiwa. Kampuni ilisema biashara haikutikisika kwa kiasi cha kutia wasiwasi, na kanuni hazikurudishwa nyuma. Mwaka huohuo eBay ilimruhusu muuzaji mmoja mkubwa, Buy.com, kuweka bidhaa nyingi mno bila kulipa ada ya kawaida ya kila bidhaa, na Septemba ikaanza kutoza senti 35 tu kwa bidhaa ya bei isiyobadilika kukaa siku 30. Chini ya mwaka mmoja baada ya kusifu raha ya kushinda mnada, soko lilikuwa linauacha mnada pembeni. Muuzaji aliyetaka kujua soko lake linaelekea wapi alipaswa kusoma jedwali la ada, si ubao wa matangazo.

Swali linalojitokeza ni kwa nini watu wenye uchungu kiasi hicho hawakuondoka. Jibu lipo katika zile rekodi za maoni. Muuzaji aliyefanya kazi miaka minane ana maelfu ya shukrani zilizoandikwa na wateja wake, nazo ndizo mtaji wake mkubwa kuliko bidhaa zilizo stoo. Mtaji huo haubebeki. Akihamia soko lingine anaanza na sifuri, kama mgeni asiye na mdhamini. Wanunuzi nao wamezoea kutafuta mahali pamoja. Hivyo malalamiko ya wauzaji ni sauti ya watu waliofungwa na mafanikio yao wenyewe, na kaulimbiu ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kampuni husema hadharani jambo ambalo wanaweza kuishika nalo. Mkataba wa huduma huandikwa na wanasheria na hubadilika kampuni itakapo. Kaulimbiu inajulikana na kila mtu.

Etsy ilizaliwa Juni 2005 Brooklyn, New York, na kwa sehemu ilivuna watu waliokuwa wamechoshwa na eBay. Rob Kalin na wenzake walijenga soko la vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, vitu vya zamani na vifaa vya ufundi. Wauzaji wake walikuwa wafinyanzi, washonaji, wasonara wadogo na watengeneza sabuni, wengi wao wanawake wakifanya kazi nyumbani. Oktoba 2013 kanuni zililegezwa, muuzaji akaruhusiwa kutumia kiwanda cha nje akipata kibali. Aprili 2015 kampuni iliingia soko la hisa, na Mei 2017 uongozi ukaenda kwa Josh Silverman, aliyewahi kuiongoza Skype. Chini yake Etsy ilichukua maneno yaliyokuwa dira na tangazo kwa pamoja: kuifanya biashara ibaki ya kibinadamu.

Maneno hayo yalipimwa Aprili 2020. Barakoa zilikuwa zimeadimika Marekani, na Etsy ikawaomba wauzaji wake wenye cherehani washone. Waliosikia wito walikuwa maelfu, na mwaka huo barakoa zilizouzwa hapo zilifikia thamani ya mamia ya mamilioni ya dola. Biashara ya kibinadamu ilionekana kwa macho: mtu anashona mezani kwake, mwingine anavaa na kwenda kazini salama. Aliyeitimiza ahadi hiyo alikuwa mshonaji, naye aliitimiza usiku na mchana.

Februari 2022 Etsy ilitangaza kwamba makato ya kila mauzo yatapanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 6.5 kuanzia tarehe 11 Aprili. Uzito wa hesabu hiyo unaonekana kwenye kikombe kimoja cha udongo kinachouzwa dola 30, mnunuzi akaongeza dola 5 za usafirishaji. Mfinyanzi wa Marekani hulipa senti 20 za kuweka bidhaa, kisha asilimia 6.5 ya dola zote 35, yaani takriban dola 2.28, kwa kuwa hata fedha ya posta hukatwa. Uchakataji wa malipo huchukua asilimia 3 na senti 25 juu yake, yaani dola 1.30. Jumla ni dola 3.78. Kama mnunuzi alifika kupitia tangazo ambalo Etsy ililiweka Google au Facebook, duka dogo hukatwa asilimia 15 zaidi, dola 5.25, na makato yote hufika dola 9.03. Kilichobaki ndicho kitakachonunua udongo, rangi, umeme wa tanuri, boksi na stempu, kabla ya mfinyanzi kujilipa chochote.

Mpango huo wa matangazo ya nje, ulioanza mwaka 2020, ulikuwa na sharti lililowaudhi watu zaidi ya asilimia zenyewe. Duka lililouza dola 10,000 ndani ya miezi 12 lilitozwa asilimia 12, lakini halikuwa na ruhusa ya kujitoa. Hivyo muuzaji hutangaziwa soko kwa fedha yake, kwa maneno asiyoyachagua, na hawezi kusema basi. Ikaongezwa mwaka 2021 beji ya muuzaji nyota, ambayo ilitolewa kwa wenye kujibu asilimia 95 ya ujumbe wa kwanza wa wateja ndani ya saa 24, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mtu mmoja anayeshona, kupiga picha, kufunga na kulea watoto alitakiwa awe macho kama mtambo, chini ya bango linalosifu ubinadamu.

Tarehe 11 Aprili 2022, siku ada mpya ilipoanza, maelfu ya wauzaji waliweka maduka yao katika hali ya likizo kwa wiki moja. Ombi lao la pamoja lilikuwa limetiwa saini na makumi ya maelfu ya watu. Walidai ada irudishwe ilivyokuwa, wachuuzi wa bidhaa za viwandani waondolewe, matangazo ya nje yawe ya hiari, huduma kwa wauzaji iboreshwe, na beji ya nyota ifutwe. Kati ya madai hayo hakuna hata moja lililotaka kaulimbiu ibadilishwe. Waliitaka itekelezwe. Wakati huo soko lilikuwa na wauzaji zaidi ya milioni 5, kwa hiyo mgomo haukulisimamisha, na asilimia 6.5 ikabaki. Lakini kutokana na vuguvugu hilo ulizaliwa muungano wa wauzaji, Indie Sellers Guild, na Julai 2024 Etsy yenyewe ilitoa kanuni zinazotaka kila bidhaa ieleze kama imetengenezwa, imebuniwa, imechaguliwa au imeletwa tu na muuzaji. Dai la kutenganisha fundi na mchuuzi lilikuwa limepata jibu, ingawa kwa kuchelewa na kwa nusu.

Haki inataka upande wa kampuni nao usikilizwe. Soko lisilotangazwa hufa, na la kwanza kufa ni duka dogo lisilo na bajeti ya matangazo. Amazon ilipokua, masoko haya yalilazimika kuwaeleza wanunuzi kwa nini waende kwingine, na maelezo hayo yanagharimu fedha nyingi. Wapo wauzaji wanaofurahia kampeni mpya kwa sababu wanaona oda zikiongezeka, na wapo wakubwa ambao asilimia 1.5 hawaihisi. Tena ni kweli kwamba kaulimbiu lazima iseme na mnunuzi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye fedha mkononi na uhuru wa kwenda popote. Kosa haliko katika kumwita mnunuzi. Liko katika kumwita kwa sifa za watu ambao masharti yao yanazidi kuwa magumu.

Kuna ishara za kutambua kaulimbiu itakayopokewa vizuri na ile itakayozusha hasira. Inayopokewa vizuri hutaja kazi halisi inayofanyika sokoni. Mwaka 2017 eBay ilitoa kampeni ya kuwaalika watu wajaze kikapu chao rangi, ikisifu vitu visivyopatikana kila duka, yaani ileile mali ambayo wauzaji wa mitumba, vitabu vya zamani na vipuri adimu walikuwa wakiileta tangu 1995. Inayozusha hasira ni ile inayokuja pamoja na waraka wa ada, au inayosifu sifa ambayo kanuni mpya zinaiua. Tarehe ya kaulimbiu mpya na ya waraka wa ada hukaa karibu mno mara nyingi, na wauzaji wakongwe wamejifunza kuzisoma kwa pamoja.

Ahadi ni deni, na deni la soko la mtandaoni hulipwa na mtu anayefunga kifurushi usiku kwa utepe alioununua mwenyewe. Haki yake si kuchagua maneno ya tangazo. Haki yake ni kwamba kampuni inayojisifia uaminifu imlinde dhidi ya mnunuzi mlaghai, inayojisifia ubinadamu impe mtu wa kuzungumza naye anapofungiwa duka kimakosa, na inayojisifia nguvu ya wote imshauri kabla ya kupandisha ada. Pale haki hiyo inapokosekana, hasira ya wauzaji si utovu wa shukrani, na anayeipuuza anaidharau kazi iliyolijenga soko. Naye anayefikiria kufungua duka katika soko la aina hii afanye jambo moja kabla ya yote: asome kaulimbiu, kisha asome jedwali la ada na kanuni za marejesho, na pale kaulimbiu inapopingana na jedwali, aamini jedwali.